Deki ya Bi Zuwena na Harusi Nisiyoiona

Vijana mlioniomba nikuandikieni juu ya ufundi, nakuambieni mapema kwamba mmemwendea mtu aliyekata tamaa. Umri wangu wote nimetengeneza redio, televisheni, deki za kanda na deki za diski, na leo sijui hata kimoja kati ya hivyo kinachofanya kazi popote katika kisiwa hiki. Vyote vimetupwa. Vingine nimevikuta jaani, nikavitambua kwa waya nilizoziunga mwenyewe. Lakini mmeniuliza, na mimi nikiulizwa kuhusu kazi siwezi kunyamaza. Mke wangu analijua hilo na ameshachoka nalo.

Basi tuanze na pua. Mkiletewa kitu mtumba kilichokarabatiwa, msikiwashe. Kinuseni kwanza.

Hivyo ndivyo alivyonifundisha Mzee Kanji, fundi wa redio mwenye asili ya Kihindi, aliyenipokea kazini nilipotoka Tumbatu nikiwa sijui hata kushika bisibisi. Alikuwa na chumba kimoja karibu na soko la Darajani, na pua ndefu aliyojivunia kuliko vifaa vyake vyote. "Makame," alikuwa akiniambia, "macho yako haya ya kishamba, yakiona kitu kinang'ara yanafurahi. Nusa!" Huinamia matundu ya nyuma ya redio, akavuta pumzi, akafumba macho, kisha akasema hii imeungua transfoma, hii imeingia maji ya bahari, hii mwenyewe huivutia sigara. Nilidhani ananifanyia mzaha. Baadaye ndipo nilipojua kwamba nusu ya kazi yake ilikuwa imekwisha kabla hajashika kitu.

Baada ya pua, tazameni parafujo. Deki ambayo haijafunguliwa ina parafujo zenye vichwa visafi. Iliyofunguliwa na fundi mzuri ina mikwaruzo midogo. Iliyofunguliwa na mharibifu ina parafujo moja ya rangi nyingine, na moja haipo. Halafu igeuzeni juu chini mtazame miguu yake ya mpira. Watu hupaka rangi mpya usoni, hubandika plastiki juu ya kioo, lakini miguu huisahau. Miguu ikiwa imelika, jueni mmeletewa kizee kilichotiwa wanja.

Na vizee hivyo tulivipokea vingi. Biashara ilipofunguliwa, katikati ya miaka ya themanini, kila jahazi na kila kontena la Dubai lilikuja na vyombo vilivyokwisha kutumika kwa watu. Kila nyumba ikataka video. Mimi nikafungua kibanda changu Ng'ambo, na sikosi kusema kwamba miaka ile tulicheka sana. Bwana mmoja aliniletea deki ya kanda, akaniambia ina shetani, ikiwashwa inalia. Nikaifungua nikamkuta mjusi mzima, kajilalia kwenye joto, na kila gurudumu likizunguka linambana mkia. Nilimtoa mjusi, deki ikanyamaza. Yule bwana akaenda kutangaza kwamba Fundi Makame anatoa mashetani, na kwa muda mrefu nilikuwa naletewa watu badala ya redio.

Nimekuchekesheni kwa makusudi, maana mbele huko hamna cha kuchekesha. Nataka nikuambieni juu ya Bi Zuwena. Yeye ndiye aliyeimaliza hamu yangu ya kazi hii, wala hakuwa na kosa.

Bi Zuwena alikuwa mjane wa Kiarabu, akikaa Mji Mkongwe katika nyumba ambayo zamani ilikuwa yote yao na siku hizo walibakiwa na ghorofa ya juu. Wazee wake walikuwa na mashamba ya karafuu. Yeye aliuza vileja, vile vibiskuti vyetu vya unga, tena vizuri mno, na akikutilia kwenye bahasha huongeza bila kusema. Alizaa watoto wawili. Nassor alihamia Maskati. Rahma aliolewa hapa hapa mjini, mwanzoni mwa miaka ya tisini, na kabla mwaka wa harusi haujatimia akafa kwa uzazi, yeye na kitoto chake.

Rahma tangu kuvunja ungo hakupenda kupigwa picha. Kilichobaki cha ukubwa wake kilikuwa kanda moja tu ya video, kanda ya harusi. Nanyi mnajua harusi zetu. Hafla ya wanawake ni ya wanawake. Humo ndani wamevua mabuibui, wamejipamba, wanacheza, na bi harusi ameketishwa kwenye kiti chake aonwe. Aliyepiga video alikuwa mwanamke, na mwanamume asiye maharimu haruhusiwi kuitazama kanda ile hata kwa bahati mbaya.

Kanda ikaota ukungu. Mnaujua unyevu wetu, unaotesha ukungu mpaka kwenye viatu. Nassor alipokuja likizo akaichukua, akaenda nayo Maskati, akamtafuta mwanamke wa kuihamishia kwenye diski, maana diski ndiyo zilikuwa zinaingia. Diski ilipokamilika, kanda akaichoma moto. Alifanya alivyofanya kaka yeyote wa hapa: hakutaka dada yake marehemu, kichwa wazi, azagae mikononi mwa watu. Nakala moja ilitosha. Tena wauzaji walikuwa wanaapa kwamba diski haiozi, haishiki kutu, haifi.

Akamletea mama yake ile diski pamoja na deki ya kuichezea, mtumba iliyokarabatiwa. Ndipo nilipoitwa.

Nilikwenda alasiri. Nikapiga hodi, nikapanda ngazi, nikamkuta Bi Zuwena na dada yake mkubwa wameketi, mlango umeachwa wazi kama inavyostahiki.

"Shikamoo, Bi Zuwena."

"Marahaba, Fundi. Pita. Mgeni wangu huyo hapo mezani, mtazame umbo lake."

Niitazame tu? Deki ilikuwa nzuri, rangi ya fedha, nyembamba, bado ina plastiki yake usoni. Nikaiinamia nikainusa. Ilinuka rangi mbichi, na nyuma ya rangi ilinuka vumbi lililoungua. Nikaigeuza. Mguu mmoja haupo, mitatu imelika. Parafujo moja ya rangi nyingine. Nikafungua kifuniko. Ndani ya deki ya diski mna lenzi inayotoa mwanga wa kuisomea diski, na pembeni yake mna kidude cha kuongezea nguvu ya mwanga ule. Kiwandani hukitia tone la rangi kisiguswe. Lenzi ikichoka, fundi mwaminifu huibadilisha. Asiye mwaminifu hulikwangua lile tone, akakizungusha kidude mpaka lenzi kongwe iwake kwa nguvu zake zote za mwisho. Picha hutoka safi, mnunuzi hufurahi. Haichukui muda, lenzi inakufa. Tone la deki ile lilikuwa limekwanguliwa.

Nikakirudisha kifuniko. Bi Zuwena alikuwa kajitanda kanga mpya, kama mtu anayengojea kupokea wageni.

Utaratibu tukaupanga mara ile ile, na hatukuubadilisha miaka yote. Televisheni ilielekezwa kwao. Mimi nikakaa nyuma yake, uso ukutani, mkono kwenye waya. Yeye anatazama na kunieleza, mimi nasikiliza. Ndivyo nilivyokuwa nafanya kwa nyumba zote zenye kanda za harusi, na nakuambieni, ukizoea, sikio linakuonesha kasoro kabla ya jicho.

Diski ikazunguka. Nikasikia vigelegele, ngoma, bibi mmoja anakohoa karibu na kamera. Halafu nikamsikia Bi Zuwena.

"Huyo! Huyo anatoka! Dada, mwone Rahma! Fundi, picha safi, wallahi, nnamwona mpaka hina!"

Akanieleza kila kitu kwa mgongo wangu. Nguo ya kijani aliyomshonea kwa mkono wake. Kikuba cha asumini, kishada kilichobanwa kwenye nguo. Anavyoketi kwenye kiti, macho chini, kama bi harusi anavyotakiwa. Halafu, karibu na mwisho kabisa, sauti yake ikawa nyingine.

"Sasa. Ngojea. Keshaambiwa asiinue macho... kainua! Ananitazama mie! Anacheka, mjinga huyu, nshamkanya asicheke!"

Nikakisikia kicheko chenyewe. Kifupi, cha mtu aliyejizuia akashindwa. Dada mtu alikuwa analia, Bi Zuwena anacheka pamoja na mwanawe, na mimi uso wangu ukutani nikawa najifuta machozi kwa kitambaa cha kufutia lenzi.

Kabla sijaondoka nikamwambia ukweli. "Bi Zuwena, lenzi hii imelazimishwa. Nipe ruhusa niipunguze nguvu."

"Picha itakuwa vile vile?"

"Itakuwa na wasiwasi kidogo, itakwama hapa na pale."

"Basi usiiguse. Nshakaa bila yake miaka, leo nimemwona, unataka umtie wasiwasi?"

Sikuigusa. Deki ni ya mwenyewe. Ilikwenda kama nilivyojua itakwenda. Mara ya kwanza aliponiita picha ilikuwa na utando, nikanusa, nikakuta moshi wa udi umeganda juu ya lenzi. Nikaisafisha kwa pamba na spiriti, taratibu, bila kukandamiza, na nyinyi fanyeni hivyo hivyo, maana lenzi imening'inia kwenye viwaya vyembamba kuliko nywele. Baadaye ikagoma kabisa. Lenzi imekufa. Niliitafuta nyingine mjini kote, nikaagizia Dar, na ilipofika nikaifunga kwa furaha. Nikazungusha kila kitu mahali pake. Deki ile, vijana, ilikuwa nzima kuliko siku iliyotoka kiwandani. Ndiyo kazi bora niliyopata kuifanya.

Tukacheza diski. Vigelegele, ngoma, bibi anakohoa, bi harusi anatoka, anaketi. Nikawa nangojea kicheko. Sauti ikakwaruza, ikakatika, ikaganda.

"Kafika kwenye macho," akasema Bi Zuwena. "Kasimama. Makame, kasimama!"

Nikajaribu tena. Pale pale. Deki haikuwa na ubaya wowote. Ndipo nikamwomba kitu ambacho hajapata kunipa mkononi, ile diski yenyewe.

Akaenda chumbani, maana kila ikimaliza kuchezwa aliirudisha kwenye kasha lake, akaileta imeviringishwa ndani ya kanga. Na kabla sijaifunua nikainusa, kwa mazoea tu. Ilinukia udi, ambari na mafuta ya asumini. Kanga ilikuwa ya Rahma. Bi Zuwena aliifukiza kila Ijumaa kama nguo za marehemu zinavyotunzwa, na diski alikuwa akiipaka marashi kidogo kwa ncha ya kidole.

"Upande huu wenye maandishi tu," akasema. "Ule wa kung'ara siugusi, nnajua ndio wenye picha. Nilitaka anukie."

Nikaiinua dirishani, jua likiwa nyuma yake. Pembezoni kote nuru ilipenya kwenye vitundu vidogo vidogo, kama chujio.

Shikeni hili, hata kama diski hazipo tena. Picha haikai upande unaong'ara. Ule ni plastiki nene, unavumilia. Picha imelala upande wa maandishi, chini ya rangi nyembamba sana, na mafuta ya marashi huipenya rangi ile yakaibandua fedha ya chini. Hewa yetu ya chumvi ikishapata njia, hakuna mkono wa kuizuia. Na diski husomwa kutoka katikati kwenda nje. Mwanzo wa harusi uko ndani, mwisho uko pembezoni, na kubanduka huanzia pembezoni. Kicheko cha Rahma kilikuwa ukingoni kabisa.

Nilimweleza kwa upole nilioweza. Hakulia. Aliuliza tu, "Marashi?" kisha akavitazama vidole vyake.

Nikamwambia kilichobaki tukiokoe, tuinakili siku ile ile. "Yupo kijana pale Mlandege ana kompyuta."

"Kijana?"

"Naam."

"Atamwona."

"Bi Zuwena, ataangalia mara moja tu, kwa kazi."

"Makame, weye unakaa ukutani miaka yote hujageuka. Nimpeleke mwanangu kwa mwanamume mwingine? Keshakufa, hana wa kumsitiri ila mie."

Ningekuwa na binti kaburini ningejibu hivyo hivyo. Siwezi kumlaumu, na ninyi msimlaumu. Lakini nilishuka zile ngazi nimekasirika, sijui nimemkasirikia nani. Nadhani nilimkasirikia yule aliyeapa kwamba diski haifi.

Diski ikatolewa kwenye marashi, ikawekwa kwenye kopo kavu. Haikusaidia. Kila nilipoitwa harusi ilikuwa imekuwa fupi. Ngoma ya mwisho ikaondoka. Kikuba kikaondoka. Siku moja bi harusi alitoka ukumbini lakini hakufika kwenye kiti, na Bi Zuwena akawa anamsemesha: "Njoo, mama. Njoo ukae." Na mimi huko nyuma, mkono kwenye waya zisizo na kasoro yoyote, najifanya nakaza kitu. Hiyo ndiyo hali mbaya kuliko zote kwa fundi. Chombo kizima, mikono inajua kazi, na hakuna pa kuiweka.

Hatimaye, kilichobaki kikiwa kipande kidogo tu cha mwanzo, alikubali. Alipatikana msichana wa Kiembe Samaki, mtoto wa jamaa zao, aliyesomea kompyuta. Akaja na kompyuta yake, akajifungia chumbani na diski tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Alipotoka alikuwa ametoa kipande kile kile ambacho deki yangu ilikuwa inakisoma, hata sekunde moja zaidi haikupatikana. Nilimwona anafunga mkoba wake hataki kututazama. Alikuwa fundi mzuri. Amechelewa tu, na kuchelewa hakukuwa kwake.

Sasa nimefika mwisho, na mkitaka kujua kwa nini nilikifunga kibanda changu, ni hapa.

Aliniita alasiri nyingine. Nilikuta dada mtu hayupo tena, Mungu amrehemu, ameketi yule msichana badala yake. Bi Zuwena alikuwa amepungua mno. Nikamsalimu, nikapita nyuma ya televisheni kama kawaida, nikageukia ukuta. Nakala aliyoitoa msichana ikaanza kuzunguka. Nikangojea vigelegele, kwa mazoea. Havikuja. Nikamsikia mwanamke mmoja tu, mpiga video nadhani, anasema, "Iwasheni na ile taa ya pale, kiti cha bi harusi hakionekani." Halafu kimya. Halafu sauti ile ile tena, Bi Zuwena ameirudisha mwanzo.

"Vipi picha?" nikauliza, maana nilizoea kuuliza.

Akairudisha, ikacheza tena, taa ikawashwa tena, ikakatika.

"Makame."

"Naam, Bi Zuwena."

"Geuka."

Nilidhani sikusikia vizuri. Mgongo wangu ulikataa.

"Geuka utazame, mwanangu. Sasa ruhusa. Hamna mtu humu."

Nikatoka nyuma, nikaja kusimama pembeni ya kochi, nikaitazama harusi ya Rahma kwa mara ya kwanza. Ukumbi mtupu. Viti vya wageni vimepangwa, havijakaliwa. Mbele kule jukwaa, maua, na kiti kikubwa kimetandikwa kitambaa cha kijani. Taa ikawaka juu yake. Picha ilikuwa safi sana, vijana. Safi kuliko zote nilizopata kuzitoa maishani mwangu. Ungeweza kuhesabu nyuzi za kile kitambaa.

Ikaganda hapo. Bi Zuwena akabonyeza, akairudisha mwanzo, akanisogezea kiti kwa mguu wake.

"Kaa," akasema. "Hajatoka bado."